Anayekuuzia Bati Akianza Kutengeneza Masanduku

Na Mwanachama kutoka Kaloleni

Ukiniuliza hali nitakujibu kuwa mimi ni buheri wa afya, ila rohoni nina donge. Donge lenyewe lilinikaa ule mwaka niliokuwa najiandaa kuingia kidato cha kwanza, na tangu siku hiyo sijapata pa kulitema. Mwaka huu mhariri amenipa nafasi ya kutoa maoni, basi uniwie radhi nikilitema hapa hapa.

Mimi ni mtoto wa Kaloleni, pale kando ya Jogoo Road. Wasioujua mtaa wetu hudhani Eastlands yote ni maghorofa na vumbi. La hasha! Kaloleni ni nyumba za mawe zenye vigae vyekundu, zilizojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa mji huu, na katikati yake umo ukumbi wa jamii ambamo wazee wetu walikutana kuzungumzia siasa za uhuru. Nyumba ni ndogo, watu ni wengi. Kwetu analala mama, sisi ndugu watatu, mjomba na binamu yangu. Mjomba ni fundi wa bati kule Kamukunji. Binamu ni kijana wa kompyuta. Mmoja anaamka na nyundo, mwingine analala na kipanya mkononi. Ungedhani hawana la kuzungumza. Kumbe ugonjwa wao ni mmoja!

Nianze na binamu. Yeye huchora michoro ya matatu na kuhariri video za wanamuziki chipukizi wa mtaani. Kazi hiyo haifanyiki kwa kompyuta yoyote tu. Inataka kompyuta yenye kadi ya michoro, yaani kile kipande kinachofanya picha itembee bila kukwama. Alidunduliza pesa miezi saba, akateremka Luthuli Avenue akanunua kadi ya mitumba. Siku aliyoileta tuliizunguka kama watu wanaoangalia mtoto mchanga. Ilikuwa bado ndani ya kasha lake la karatasi, na juu ya kasha nikasoma majina mawili. Moja Nvidia, la pili EVGA.

"Kwani hii kitu imetengenezwa na nani?" nikamwuliza.

"Na wawili," akanijibu. "Na hao wawili walikosana."

Nikamshika shati anieleze. Akaniambia nitazame matatu. Nyingi ya zile za abiria 33 zinazopita Jogoo Road zina injini na chesisi ya Isuzu, lakini bodi unayoingia, viti unavyokalia na madirisha unayochungulia vimetengenezwa na wajenzi wa bodi wa hapa Nairobi. Jina la mbele ni la mwenye chesisi. Jasho la nyuma ni la fundi. Kadi ya michoro ni vivyo hivyo. Nvidia na AMD, kampuni mbili za Marekani, hubuni chipu, ambayo ndiyo ubongo wa kadi. Kuichonga hasa huwaachia wenye viwanda, na mkubwa wao ni TSMC ya Taiwan. Kisha chipu huuziwa washirika, kama ASUS, MSI na Gigabyte, ambazo pia ni za Taiwan. Hao huiweka chipu juu ya bodi, huitilia feni na vyuma vya kupoza joto, huifunga kwenye kasha na kuipeleka dukani. Ikiharibika, mnunuzi hurudi kulia kwa mshirika, si kwa mwenye chipu.

Hapo hakuna ubaya. Mkono mmoja haulei mwana. Ubaya huanza pale mwenye chipu anapoamua kuuza kadi zake mwenyewe, huku akiendelea kuwauzia wenzake chipu za kutengenezea kadi za kushindana naye. Nilipoyasikia hayo, sikuiona kompyuta tena. Niliiona Kamukunji.

Sasa sikia ya mjomba. Kutoka kwetu unavuka Jogoo Road, unapita soko la Burma, unapita Shauri Moyo, na kabla hujaiona Kamukunji utakuwa umekwisha kuisikia. Nyundo mia kadhaa zikilia pamoja hata ukiitwa jina lako husikii. Hapo hutengenezwa majiko, makarai, sufuria, mikokoteni na kila kitu ambacho bati na chuma vinakubali kuwa. Mafundi hao si wa jana. Katika miaka ya 1980 Rais Moi alifika kuwaona wakifanya kazi juani, wakaja wakajengewa vibanda. Jina la jua kali likabaki hata baada ya kivuli kuja. Na kila ikikaribia Januari, kazi kubwa ni moja tu: masanduku ya shule. Wewe unayesoma hapa, angalia chini ya kitanda chako. Huenda sanduku lako limepigwa na mkono wa mtu wa kwetu.

Kwa miaka mingi mjomba alinunua bati kwa tajiri mmoja ambaye sitamtaja jina. Walipatana vizuri sana. Mwezi wa kumi mjomba huchukua bati kwa mkopo, Januari masanduku yakinunuliwa hulipa. Tajiri aliuza bati, mafundi waliuza masanduku. Kila mtu na jembe lake.

Halafu mwaka ule tajiri akajenga kibanda nyuma ya duka. Akanunua mashine ya kukunjia bati, akawachukua vijana wawili ambao mjomba mwenyewe ndiye aliyewafunza kazi, akaanza kutengeneza masanduku. Sisemi ni dhambi, kila mtu ana haki ya kutafuta. Lakini bei ya bati kwa mafundi ikapanda, na bei ya sanduku la tajiri ikashuka. Bati nzito ikawa "imeisha" kila mjomba anapouliza, huku nyuma ya duka nyundo zinaigonga hiyo hiyo iliyoisha. Mkopo nao ukakatwa. Mjomba akifanya hesabu, anakuta kwamba hata asipojilipa senti moja ya jasho lake, sanduku lake bado ni ghali kuliko la tajiri. Nieleze msomaji, hayo ni mashindano au ni kunyongwa?

Januari hiyo karo yangu ilitoka kwa vipande vipande, nami nikaripoti shuleni wiki mbili baada ya wenzangu. Sanduku langu mjomba alilipiga kwa mabaki, upande mmoja bati la kijani, upande mwingine la buluu. Akalipaka rangi nyeusi lote ili nisichekwe bwenini.

Basi turudi kwenye kadi. Mwaka 2016, Nvidia ilipotoa GTX 1080, ilitoa pia kadi yake yenyewe kwa jina la Founders Edition. Iliuzwa dola 699, ilhali za washirika zilitangazwa kuanzia dola 599. Washirika hawakutetemeka sana, maana waliweza kuuza chini yake. Lakini ulipofika mwaka 2020, kwenye RTX 3080, kadi ya Nvidia yenyewe ilitoka kwa ile ile bei ya mwanzo iliyotangazwa, dola 699, nayo ilikuwa kadi nzuri yenye namna yake ya kujipoza. Mshirika anunue chipu kwa Nvidia, aongeze bodi, feni, kasha, usafiri na dhamana, kisha asimame sokoni bega kwa bega na Nvidia ambayo chipu haiinunui kwa mtu wa kuitia faida. Umeliona bati hapo?

EVGA ilikuwa kampuni ya California, iliyoanzishwa mwaka 1999. Kadi zake zote zilikuwa za chipu za Nvidia, na wanunuzi wa Amerika Kaskazini waliipenda hasa kwa sababu ya jinsi ilivyosimamia dhamana yake. Tarehe 16 Septemba 2022 ikatangazwa kwamba inaacha kabisa biashara ya kadi za michoro. Si mchezo, kwa maana iliripotiwa kuwa kadi hizo ndizo zilizoiletea takriban asilimia 80 ya mapato! Mkuu wake, Andrew Han, alieleza sababu, nazo ungedhani zimetoka Kamukunji: hawaambiwi bei mpaka siku mwenye chipu anapoitangaza jukwaani, wamewekewa mipaka ya bei wanayoweza kuuzia, na juu ya hayo wanashindana na kadi za yule yule anayewauzia chipu. Faida ikawa nyembamba kama karatasi ya kusokotea sigara.

Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 14 Oktoba 2022, Nvidia ikaifuta kadi ya RTX 4080 ya gigabaiti 12 kabla haijaanza kuuzwa, kwa kuwa watu walilalamika kwamba jina hilo linawachanganya. Wanunuzi walishangilia, na haki yao. Lakini washirika walikuwa wamekwisha kuzitengeneza kadi na kuchapa makasha yenye jina hilo. Mwenye chipu alibadili neno moja, washirika wakabaki na marundo ya makasha.

Jioni moja tulilijadili jambo hili kwetu, taa ya stima imepotea, tumewasha mshumaa. Binamu alisimama upande wa wenye nguvu. "Biashara ni biashara," akasema. "Chipu ni yao. Walitumia pesa na miaka kuibuni. Mimi mnunuzi nataka bei ya chini, basi."

Mgala muue na haki umpe. Binamu hakusema uwongo. Anayebuni chipu ndiye anayebeba hatari kubwa zaidi, na hakuna sheria ya Mungu inayomkataza kuuza kadi. Tena washirika nao si malaika. Wakati chipu zilipoadimika mwaka 2020 na 2021, bei za kadi madukani zilipaa mpaka vijana wengi wakazitazama tu kwenye kioo, na si mwenye chipu peke yake aliyezipandisha. Hata masanduku ya tajiri, mwaka ule wa kwanza, jirani yetu mmoja alinunua akafurahia bei. Ila kitasa kiling'oka kabla ya likizo ya Aprili, na alipolirudisha dukani akaambiwa hapo huuzwa bati, hapatengenezwi vitasa. Mjomba ndiye aliyekipiga ribiti, bure.

Mjomba alikuwa kimya muda wote huo. Halafu akauliza swali moja ambalo mimi nalihesabu kuwa ndilo kiini cha makala haya. Akasema, "Na hao waliouziwa chipu, hawakuwa na duka lingine la kwenda?"

Naam! Hapo ndipo penye ufunguo. Ili umjibu mjomba, inabidi urudi nyuma hadi miaka ya 1990. Wakati huo aliyetamba kwa kadi za michezo ya kompyuta hakuwa Nvidia. Alikuwa 3dfx, kampuni nyingine ya Marekani, yenye kadi zilizoitwa Voodoo. Nayo pia iliuza chipu kwa washirika. Desemba 1998 ikatangaza kuinunua STB Systems, kampuni ya kutengeneza bodi iliyokuwa na kiwanda mjini Juárez, Mexico. Ikaamua kwamba sasa itatengeneza na kuuza kadi zake yenyewe. Washirika waliofungiwa mlango hawakukaa kizingitini kulia. Walibisha kwa jirani. Na jirani huyo ni nani? Ni Nvidia, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1993 na ilikuwa ikitafuta watu wa kuwauzia chipu. Ni kweli 3dfx ilichelewa pia kuleta chipu mpya, lakini ilipochelewa haikuwa na washirika wa kuibeba. Desemba 2000 ilikubali kuiuzia Nvidia mali yake ya ufundi, na mwaka 2002 ikaomba kinga ya muflisi mahakamani. Leo hata jina lake wengi wenu mnalisikia kwangu.

Sasa linganisha. 3dfx iliwasukuma washirika wake ikaanguka. Nvidia nayo ikalaumiwa kwa kuwabana washirika wake, ikapoteza mmoja mkubwa, je, ilianguka? Asilani! Juni 2024 ilipata kuwa kampuni yenye thamani kuliko zote duniani. Kwa hiyo wale wanaotufundisha kwamba mwenye kuonea wenzake mwisho wake huwa mbaya, wanatufariji tu. Wengine wanaonea na wananenepa. Tofauti haikuwa wema wala ubaya. Tofauti ilikuwa mlango wa pili. Washirika wa 3dfx walikuwa na mahali pengine pa kununua chipu nzuri. EVGA ilikuwa imeegemea mlango mmoja miaka zaidi ya 20, na ulipoibana haikutaka kwenda AMD wala Intel. Ikaona heri itoke sokoni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Na kwamba mwenye nguvu anaujua vizuri mlango huo wa pili, ushahidi upo. Machi 2018 Nvidia ilitangaza mpango mpya kwa washirika wake. Mwandishi Kyle Bennett wa HardOCP akaripoti kwamba mshirika aliyejiunga alitakiwa jina lake la kadi za gemu, lile linalojulikana na wateja, liambatane na kadi za Nvidia peke yake. Nvidia ilijitetea kuwa nia ni mnunuzi ajue anachonunua. Lakini tazama kilichofuata. Aprili 2018 ASUS ilizitoa kadi zake za AMD chini ya jina jipya, AREZ, ambalo hakuna mteja aliyewahi kulisikia. Kelele zikawa nyingi, na tarehe 4 Mei 2018 Nvidia ikaufuta mpango huo. Kama mlango wa pili hauna maana, kwa nini kuhangaika nao?

Kwa maoni yangu basi, kosa la mjomba halikuwa uvivu wala ufundi haba. Kosa lake lilikuwa kumwamini mtu mmoja kwa bati lote, kwa mdomo tu, kwa kuwa walizoeana. Na hili nalisema kwa heshima, maana mkono ule ndio ulionilea.

Alifanyaje baadaye? Yeye na mafundi wenzake wanne walianzisha chama, kila mmoja akitoa shilingi mia mbili kwa siku. Walipokusanya za kutosha walikwenda Industrial Area wakanunua bati kwa jumla kwa mfanyabiashara mwingine, wakagawana. Nisikudanganye kwamba mambo yakawa asali. Mmoja wa hao wanne alishindwa na mchango, akaenda kuajiriwa na tajiri yule yule. Lakini Januari iliyofuata mjomba alikuwa na bati nzito, na tajiri ndiye aliyeanza kumwamkia njiani.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu kesho tutakuwa kama mjomba au kama EVGA. Tutajenga bodi juu ya chesisi ya mtu, tutashona nguo kwa kitambaa cha mtu, tutatengeneza programu zitakazokaa ndani ya simu za mtu. Kwa hiyo nina mapendekezo matatu.

Kwanza, fundi asinunue kwa mlango mmoja, hata kama mlango huo ni wa ndugu yake. Akiwa peke yake hana nguvu ya kufungua wa pili. Wakiwa watano wanayo. Umoja ni nguvu si methali ya kujazia insha tu.

Pili, mapatano yawe maandishi. Bei ikibadilika, fundi ajulishwe kabla, si siku ya kuja kununua.

Tatu, sheria ishuke mpaka kwenye nyundo. Kenya tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, inayokataza mwenye nguvu kubwa sokoni kuitumia vibaya nguvu hiyo, na ipo Mamlaka ya Ushindani ya kuisimamia. Sidai kwamba tajiri wa mjomba ni mkubwa kiasi cha kuguswa nayo. Nadai kwamba fundi anastahili kujua inamgusa nani na haimgusi nani. Mjomba hajawahi kuisikia, na hata akiletewa, imeandikwa kwa Kiingereza kinachomtoa jasho wakili. Hapa ndipo nakigeukia chama chetu cha Kiswahili. Tunashinda mashindano ya mashairi, tunaleta vikombe, hongera zetu. Kwa nini likizo ijayo tusiketi na mwalimu wetu mlezi, tukaandika karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayomweleza fundi haki zake, pamoja na mfano wa mapatano ya kununua bati, tukaipeleka Kamukunji? Lugha isiyomsaidia fundi kujitetea itakuwa pambo la ukutani.

Nikifika hapo wino unaniishia. Mwenye kunipinga aandike toleo lijalo, nitamsoma kwa moyo mweupe. Na mwenye kuniamini nusu nusu, aje bwenini kwetu anione. Nitamwonyesha sanduku langu jeusi. Rangi imeanza kuambuka pembeni, na ukitazama vizuri utaona upande mmoja ni kijani, upande mwingine ni buluu. Siku hizi silifichi tena.